Zamu ya Ndoo

Binamu aliniandikia: shukia Raskazone,
kuna vyumba vinavyotazama bahari,
kiyoyozi, mayai mawili asubuhi,
na mlinzi wa kukupigia saluti
ukitoka, ukirudi, hata ukirudia miwani uliyosahau.
Nami nimekuja Tanga kufuatilia hati
ya kiwanja cha marehemu baba:
siku tisa, labda kumi,
maana ofisi ya ardhi haina haraka na mtu.
Saluti za siku tisa ningezijibu kwa mkono gani?

Nikamwambia kijana wa baiskeli: nipeleke Ngamiani,
huko barabara zilikokosa majina zikapewa namba.
Ngamiani ipi?
Ya ndani. Endesha mpaka watu waache kutuangalia.
Akacheka, akakanyaga pedali,
akawa anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea,
ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja,
kwenye ya kumi na saba akafunga breki:
Hapa hata mimi huwa sifiki.

Chumba cha uani kwa Bi Mwanashehe.
Dirisha moja, msumari mmoja wa kutundika shati,
chandarua chenye kiraka cha kanga kuukuu,
na jina la kanga limekatwa na mkasi,
limebaki USINI.
Usiku wa kwanza nililimalizia: usinisahau.
Wa pili: usiniseme.

Usidhani palikuwa kimya.
Palikuwa na cherehani ya Shekue ikila kitambaa mpaka saa tano,
jogoo asiyejua saa,
watoto wakikariri jedwali la saba
na kukwama palepale, saba mara nane,
Mama Zaituni akimtukana kuku kwa jina la shemeji yake.
Lakini katika kelele zote hizo
hakuna hata moja iliyosema karibu mgeni.
Kila mtu na lake.
Nikalala humo katikati
kama kokwa ndani ya tende.

Siku ya tatu nikaona chaki kwenye mlango wa jikoni,
zamu ya maji, yanatoka usiku wa manane:
Mama Zaituni.
Shekue.
Mzee Kibwana (ndoo mbili, mguu unamsumbua).
Dirishani.
Dirishani ni nani?
Bi Mwanashehe hakuinua macho kwenye mchele anaopeta:
Ni wewe. Kwani unalala wapi?

Nikaamka saa nane na ndoo ya kuazima,
nikasimama nyuma ya mguu wa Mzee Kibwana.
Zamu yangu ilipofika, nikazubaa,
sijui niliwaza nini,
hati, au baba na kalamu yake ya wino wa kijani,
ndoo ikajaa, ikafurika, ikanilowesha miguu.
Maji hayo, we Dirishani!
Unadhani uko hotelini?
Ilikuwa sauti ya Mama Zaituni, ile ile ya kuku.
Nikafunga bomba. Nikacheka peke yangu gizani
hadi machozi yakanitoka,
maana tangu tumzike baba
watu wote walikuwa wakinisemesha taratibu,
kama kikombe chenye ufa,
na hakuna aliyethubutu kunigombeza.

Hati haikupatikana. Faili liko Dodoma,
au aliyelishika yuko Dodoma, rudi baada ya Idi.
Asubuhi ya kumi nikakunja shuka.
Nikamuuliza Bi Mwanashehe ile kanga ilisemaje.
Akafikiri kidogo. Ah, mwanangu, ilikuwa ya mama mkwe,
nani alikuwa anaisoma?
Mlangoni mwa jikoni mtu alishapitisha kidole gumba
juu ya Dirishani,
akaacha Diri, chaki iliyopauka.

Sasa binamu ananiuliza: ulilala wapi huko,
umerudi umenenepa?
Naye mwezi ujao anakuja na wenzake wa kazini, watu sita,
wanatafuta mahali patulivu.
Nipe namba ya nyumba, anasema.

Usini, nikamjibu,
nikanyamaza.